Nimefanywa inchaji katikati ya mabadiliko: nisome vitabu gani?

"Salaam aleikum mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 14 kazini, mingi yake katika wodi ya kina mama hapa Mombasa, kwenye hospitali ya binafsi ya kadiri, si kubwa si ndogo. Mwezi wa tatu nilifanywa inchaji, yaani msimamizi, wa wodi. Nimeingia wakati kila kitu kinageuzwa: madai ya SHA, bima ya afya ya serikali, yanajazwa kwa kompyuta, stoo ya wodi imefungwa na vifaa vyote sasa vinatoka stoo kuu, na wakubwa wanataka kina mama waruhusiwe mapema zaidi. Vikaoni wanasema maneno ya gharama na ufanisi, mimi naitikia kwa kichwa tu. Huku wodini wenzangu wanasema nimekuwa mtu wa wakubwa. Mmoja niliyesoma naye chuo, ambaye ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa stoo, sasa hata salamu ananijibu shingo upande. Nimeona dukani kitabu kinene cha uchumi wa afya, bei yake karibu shilingi 9,000. Hesabu ziliniponyoka tangu shule. Je, ninunue? Au nijiandikishe shahada ya uzamili? Na kuna kitabu cha kunifundisha kuongoza mabadiliko bila kuingia siasa za kazini? Siasa sizitaki, ni uchafu."

Waaleikum salaam dada yangu, na hongera kwa kazi mpya, maana naona katikati ya fujo hiyo huenda hakuna aliyekumbuka kukupa.

Umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma pamoja naona wasiwasi mmoja. Umekalishwa kiti kilicho kati ya watu wa lugha mbili. Juu wanazungumza gharama, chini wanazungumza wagonjwa, nawe unaogopa kuonekana mgeni kote kuwili. Nianze na majibu mafupi, usije ukaenda dukani kabla hujanisoma hadi mwisho. Kitabu cha shilingi 9,000 usikinunue. Shahada ya uzamili, si mwaka huu. Na kitabu cha kuongoza mabadiliko bila kugusa siasa hakipo. Sababu zake ni ndefu kidogo, lakini ndizo zitakazokusaidia ukiwa kikaoni.

Tuanze na neno lenyewe. Wengi hudhani uchumi wa afya ni uhasibu wa hospitali, yaani ufundi wa kubana matumizi. Mhasibu anauliza: zimetoka pesa ngapi, na stakabadhi ziko wapi? Mwanauchumi anauliza swali jingine: tulipoamua kufanya hili, tuliacha lipi? Chukua wodi yako. Tuseme kujaza dai moja kwenye kompyuta kunamchukua muuguzi dakika 20, na leo kuna kina mama 9 wa kuruhusiwa. Hizo ni saa 3. Kwenye daftari la mhasibu saa hizo hazionekani, kwa kuwa mshahara umeshalipwa. Kwa mwanauchumi, bei yake ni yule mama aliyejifungua alfajiri ambaye hakupimwa presha mara ya pili, na mtoto ambaye hakupata mtu wa kumsaidia kushika ziwa. Hiyo ndiyo gharama ya kweli, na wewe unaiona kwa macho yako kila siku kuliko meneja yeyote. Hesabu iliyotumika hapo ni ya kuzidisha na kugawanya. Usiiogope.

Jambo la pili utakalokutana nalo katika kurasa za mwanzo za kitabu chochote kizuri ni kwa nini tiba haiuziki kama bidhaa nyingine. Ukienda Kongowea kununua embe, unalishika, unalibonyeza, unalinusa, na bei ikikukera unahamia kwa muuzaji wa pili. Mama anayeambiwa saa nane za usiku kwamba mtoto amechoka tumboni na lazima apasuliwe, atabonyeza nini? Hajui kama anauhitaji upasuaji, na anayejua ni yule yule atakayelipwa kwa kuufanya. Mwaka 1963 Kenneth Arrow, Mmarekani aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, aliandika makala iliyoliweka wazi jambo hili. Ugonjwa hauna ratiba, matokeo ya tiba hayana uhakika, na anayetibu anajua mengi kuliko anayetibiwa. Ndiyo maana jamii huziba pengo hilo kwa leseni, viapo, bima na imani kwa daktari. Sehemu kubwa ya somo hili imejengwa juu ya makala ile. Kwa hiyo siku utakaposikia kikaoni kwamba wodi iendeshwe kama biashara nyingine yoyote, una haki ya kuuliza, kwa adabu, mteja wetu ana uwezo gani wa kukagua anachonunua.

Sasa tufike penye moto: namna hospitali inavyolipwa. Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi, kwa sababu nusu ya mambo yanayokuudhi wodini yamezaliwa hapa.

NHIF, bima ya afya ya serikali ya zamani, ilianzishwa mwaka 1966. SHA ikachukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Kwenye hati yako ya mshahara umeona kilichobadilika: unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, wakati zamani makato yalikomea shilingi 1,700 hata kwa mwenye mshahara mnono. Hayo ndiyo watu wanayoyazungumza kwenye matatu. Kwa msimamizi wa wodi, lililo zito zaidi ni jinsi pesa hizo zinavyotoka kwenye mfuko na kuifikia hospitali.

Njia za kulipa hospitali si nyingi, na kila moja inawavuta watu upande wake. Ukilipa kwa kila huduma, vipimo huongezeka. Ukilipa kwa kila siku ya kulazwa, siku huongezeka. Ukilipa fungu moja kwa kila mgonjwa bila kujali amekaa siku ngapi, siku hupungua. Hakuna njia iliyo safi kabisa, na wataalamu wamebishana juu yake miaka mingi. Katika viwango vilivyotangazwa SHA ilipoanza, kujifungua kwa njia ya kawaida kuliwekewa shilingi 10,000 na kwa upasuaji shilingi 30,000, fungu moja kwa kila mzazi. Mwombe mhasibu akuonyeshe mkataba wa hospitali yenu ulivyo sasa. Ukishauona utaelewa kwa nini wakubwa wanataka kina mama watoke mapema: kila siku ya ziada inalipiwa na hospitali yenyewe. Kisha tembelea wodi ya jirani, ile ya wagonjwa wa kawaida, ambako bima hulipa kwa siku. Sidhani kama huko utakuta mtu anahimizwa kwenda nyumbani kwa haraka namna hiyo. Paa ni moja, mwenye hospitali ni mmoja, na tabia ni mbili. Kilichozitofautisha ni njia ya malipo.

Ukilijua hili, unapata la kujadili badala ya kunung'unika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida, pamoja na mtoto wake, wakae kituoni angalau saa 24. Hiyo ni sakafu. Chini yake usikubali kushuka, na useme hivyo kikaoni ukiwa na karatasi ya mwongozo mkononi. Juu ya sakafu hiyo pana nafasi ya kuzungumza. Je, mama anakaa saa 40 kwa sababu anahitaji uangalizi? Au ni kwa kuwa daktari wa kumruhusu anapita mara moja tu kwa siku? Au ndugu zake wako ng'ambo ya Likoni, wanachangishana pesa ya kumalizia bili? Saa za namna hiyo zinaweza kuokolewa bila mtu kuumia. Ziandike kwa mwezi mmoja, kila mama na sababu yake iliyomchelewesha. Daftari hilo litakupa heshima kikaoni kuliko kitabu chochote.

Tofauti kati ya 10,000 na 30,000 nayo iangalie, ila kwa uangalifu. Haina maana kwamba daktari wako anadanganya, na usimtuhumu mtu kwa sababu ya jedwali la bei. Maana yake ni kwamba mvuto upo, na penye mvuto kumbukumbu lazima ziwe kamili: patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, ijazwe, sababu ya upasuaji iandikwe wakati ule ule. Kumbukumbu hizo zinamlinda mama, na zinamlinda daktari mwaminifu pia.

Na madai yanayorudishwa? Alama ya kidole haikuchukuliwa, au jina la kwenye kitambulisho halifanani na la kwenye faili. Glavu zimeshatumika, mama ameshakwenda zake, na pesa haiji. Hospitali inaweza kuwa na faida kwenye vitabu na bado ikakosa pesa taslimu za kumlipa muuza oksijeni. Hofu unayoiona kwenye nyuso za wakubwa mara nyingi inatoka hapo, na huwa hawaielezi wodini kwa sababu wanaona haya.

Vitabu sasa. Kile kinene ulichokiona sikijui ni kipi, lakini vingi vya unene huo vimeandikwa kwa wanafunzi wa uchumi wa Marekani. Nusu yake hueleza bima zinazotolewa na waajiri wa huko na sheria zao, na nusu nyingine ni michoro inayodai uwe umeshasoma uchumi miaka miwili. Ni vitabu vizuri kwa walioandikiwa. Mimi ningekuanzisha na Introduction to Health Economics cha Lorna Guinness na Virginia Wiseman, toleo la pili la mwaka 2011. Kimo katika mfululizo wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, na kimeandikwa kwa watu wa afya wasio wachumi. Sura ni fupi, mazoezi yana majibu yake, na unaweza kukisoma baada ya zamu bila kichwa kuuma. Usikisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Soma zile sura za mahitaji na utoaji wa huduma, kisha ruka uende kwenye ufadhili wa afya. Sehemu ya kulinganisha gharama na manufaa ya tiba iache hadi utakapoihitaji. Tafuta nakala iliyotumika, au uliza maktaba za vyuo vya hapa mjini kabla ya kutoa pesa.

Cha pili hakitakugharimu isipokuwa bando. Ni Ripoti ya Afya Duniani ya 2010, inayohusu ufadhili wa mifumo ya afya, na Shirika la Afya Duniani linaitoa bure kwenye intaneti. Humo wanakadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya pesa za afya duniani hupotea kwa matumizi yasiyo na tija, na wanataja sababu kumi kubwa, moja baada ya nyingine. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu hiyo. Ninaipenda kwa sababu inaonyesha kwamba kupunguza upotevu na kupunguza huduma ni vitu viwili mbalimbali, na huo ndio ugomvi wenyewe uliopo baina yako na wenzako.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vitabu vya ng'ambo vina mahali vinapokosea kwetu. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, kwa hiyo ni bora mgonjwa alipe japo kidogo. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilijaribu jambo hilo magharibi mwa Kenya, kwenye kliniki za wajawazito, kwa kutumia vyandarua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure hawakukitumia kwa uchache kuliko walionunua. Siku ikitajwa ada ndogo kwenye kliniki yenu ya wajawazito, ikumbuke kazi hiyo. Ilifanywa kwa kina mama wa nchi hii.

Nije kwenye siasa, maana huko ndiko unakoumia.

Umesema ni uchafu. Uchafu upo: kusengenyana, kupanga zamu za kukomoana, kupeleka maneno ofisini. Kaa mbali nao. Lakini siasa yenyewe ni jambo la kawaida zaidi ya hapo. Ni watu wenye haja tofauti wanaogawana kitu kisichowatosha. Kama tumekuwa pamoja hadi hapa, utaona ni swali lile lile la mwanauchumi, la tulichoacha tulipochagua kingine, ila sasa limepata sura za watu. Madukani vitabu hivi huwekwa rafu mbalimbali, cha pesa huku na cha uongozi kule, na mimi naamini hapo ndipo wasimamizi wapya wanapopotea. Ukibadilisha njia ya pesa, umebadilisha pia nani anaheshimiwa, nani anaombwa, na nani anabaki kazini baada ya saa.

Chukua ufunguo wa stoo. Kwa wakubwa ilikuwa ni hesabu: glavu, sindano na pamba zilitoka bila kuandikwa, zikahamishiwa stoo kuu. Sawa. Rafiki yako simjui, lakini nimefanya kazi na wengi walioshika funguo kama ule, na naweza kukisia alikuwa na nini mkononi. Alipokuja mama asiye na kitu, hana pamba wala leso ya kumfungia mtoto, yeye ndiye aliyeweza kufungua kabati. Wodi ya pili ilipopungukiwa usiku, iliomba kwake. Daktari mgeni aliambiwa: muulize yule. Miaka ya heshima ilining'inia kwenye kile kipande cha chuma, na hakuna barua ya ajira iliyowahi kuiandika. Siku ufunguo ulipochukuliwa, nina hakika hakuna aliyemwambia ahsante. Na kwa macho yake, aliyeuchukua ni wewe.

Kwa hiyo dhana nyingine ya kuiweka chini ni hii ya kwamba wanaokataa mabadiliko ni wavivu au hawaelewi. Mara nyingi wanaelewa vizuri sana. Wanajua watakachopoteza, na hakuna aliyewaambia watakachopata. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake wa wauguzi katika hospitali moja ya kufundishia ya London. Aliona kwamba taratibu nyingi zilizoonekana za kipuuzi, kama kugawa kazi vipande vipande na kukagua kitu kimoja mara kwa mara, ziliwakinga wauguzi na uchungu wa kukaa karibu na mateso na kifo. Ukiiondoa taratibu bila kuweka kitu mahali pake, uchungu ule unatoka nje kama hasira. Nadhani kila muuguzi aliyewahi kupoteza mama mikononi atamwelewa Menzies bila kuhitaji mwalimu. Makala yake ni ndefu ya kuchosha kiasi, lakini ikikufikia, isome.

Nami nimewahi kukosea hapa. Miaka mingi nyuma, katika hospitali niliyofanyia kazi, nilileta fomu mpya ya kuagiza dawa. Niliwashawishi madaktari, nikawashawishi wahasibu, nikamsahau mzee wa stoo aliyekuwepo pale kabla yetu sote. Hakubishana nami hata siku moja. Aliifuata fomu herufi kwa herufi, na kila iliyokosa tarehe au sahihi aliirudisha. Kwa wiki sita dawa zilichelewa kufika wodini, na waliolipia kosa langu ni wagonjwa waliokuwa wakisubiri dawa ya maumivu. Nilipomwendea hatimaye na kukaa naye, alinionyesha makosa matatu kwenye fomu ambayo mtu wa stoo pekee angeyaona. Alikuwa ameyaona tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Kitabu maarufu kuliko vyote kuhusu mabadiliko kazini ni Leading Change cha John Kotter, cha mwaka 1996, chenye hatua nane. Utaambiwa ukisome. Kisome ukikipata cha kuazima, hasa pale anapozungumzia kukusanya kundi la watu wenye uzito kabla ya kuanza. Lakini ujue kimeandikwa kwa mtu aliye juu ya kampuni, mwenye uwezo wa kuajiri na kufukuza. Wewe mabadiliko umeletewa, na huna mamlaka juu ya mshahara wa mtu yeyote. Ukifuata hatua zake nane kama zilivyo, wenzako watakuona unaigiza ubosi.

Kitakachokufaa zaidi ni Getting Health Reform Right, kilichoandikwa na Marc Roberts, William Hsiao, Peter Berman na Michael Reich na kutoka mwaka 2004. Hiki ndicho kitabu ninachokijua kinachoziweka pesa na siasa chini ya jalada moja. Kinaufananisha mfumo wa afya na mtambo wenye vishikio vitano: ufadhili, malipo, mpangilio wa huduma, kanuni, na kubadili tabia za watu. Kisha kina sura nzima ya siasa, inayokufundisha kuuliza mambo manne: ni nani wahusika, kila mmoja ana nguvu gani, amesimama upande gani, na jambo lenyewe analionaje. Kimeandikwa kwa ajili ya nchi, lakini maswali hayo manne yanaingia wodini bila kukatwa. Chukua karatasi, mwandike daktari anayekupinga, rafiki yako, mhasibu, matroni, mtu wa kompyuta, na hata mlinzi wa mlangoni anayezuia ndugu wa wagonjwa. Karatasi hiyo iweke nyumbani. Ikionekana kazini itakuharibia, kwa haki kabisa, maana hakuna apendaye kujikuta ameandikwa.

Kuna kimoja zaidi, na hiki nakutajia kwa sababu ya mapenzi yangu kwacho. Albert Hirschman aliandika Exit, Voice, and Loyalty mwaka 1970, kitabu chembamba. Wazo lake lilianzia Nijeria, alipojiuliza kwa nini reli ya huko iliendelea kuwa mbovu wakati malori yalikuwa yakiinyang'anya mizigo. Akaona kwamba wateja ambao wangelalamika kwa nguvu zaidi ndio waliotangulia kuhamia kwenye malori, na waliobaki hawakuwa na sauti. Mtu asiporidhika, anasema Hirschman, ama anaondoka ama anasema, na uaminifu wake ndio unaoamua lipi litangulie. Fikiria wauguzi wetu. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wauguzi kwenda kufanya kazi huko, na njia ya Saudia ilikuwa wazi zamani. Wanaopata nafasi mara nyingi ni wale hodari, ndio hao hao ambao wangesimama kikaoni na kusema hili halifai. Kwa hiyo muuguzi anayekupinga waziwazi mbele ya watu bado anakuthamini kiasi cha kusema. Yule aliyenyamaza na kuanza kutafuta vyeti vyake ndiye wa kumtafuta leo.

Kuhusu uzamili: ni miaka na ada nzito, na utasoma ukiwa umechoka na wodi ikiwaka moto. Ukikaa mwaka mmoja au miwili kwenye kiti hicho, utajua unataka kusoma usimamizi, afya ya jamii au uchumi, na masomo yatakuwa na mahali pa kushika. Kwa sasa mwombe mhasibu wa madai akupe saa moja kila wiki kwa wiki nne. Mpelekee madai yaliyorudishwa ya wodi yako tu, myapitie pamoja. Utashangaa jinsi yanavyorudishwa kwa sababu zile zile mbili tatu. Na yeye, ambaye huenda hajawahi kuingia chumba cha kuzalishia, ataanza kuelewa kwa nini saa kumi alfajiri jina huandikwa vibaya.

Yapo mambo ambayo hayahitaji kitabu. Ukiambiwa utie sahihi dai la mgonjwa ambaye hakulazwa, au kuandika upasuaji ambao haukufanyika, usitie. Hilo ni kosa la jinai, na leseni iliyo hatarini ni yako. Andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa, kisha utafute wakili au afisa wa chama cha wauguzi uonane naye ana kwa ana, kabla hujamjibu yeyote kwa maandishi. Ukihamishwa, ukikatwa mshahara au ukitishwa kwa sababu umekataa, nenda Ofisi ya Kazi hapa Mombasa na barua yako ya ajira. Ukiona usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, au unatetemeka ukifika getini, mwone daktari au mshauri nasaha, asiwe wa hospitali yenu. Na mama akiruhusiwa mapema akarudi na homa au kutoka damu, liandikie ripoti siku hiyo hiyo kwa mganga mkuu wa hospitali. Usilingoje kikao.

Nimemwacha rafiki yako mwisho makusudi. Usimwite ofisini kwako, na usimtumie ujumbe wa simu. Mwendee yeye, baada ya zamu, pasipo na watu. Usimwombe radhi kwa uamuzi ambao si wako, lakini mwambie ulikosea kukaa kimya ufunguo ulipochukuliwa bila hata neno la shukrani. Akikasirika, mwache amalize.

Kisha muulize jambo la kazi, kwa kuwa unalihitaji jibu lake. Mama akitoka damu baada ya kujifungua saa tisa za usiku, na kila kitu kiko stoo kuu, nani anakimbia, na zinapita dakika ngapi? Damu ile haingoji fomu. Kila wodi ya uzazi inahitaji sanduku la dharura lililo karibu: dripu, kanula, glavu, mpira wa mkojo, na oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya uzazi, kwenye friji yake, vyote vimehesabiwa na kuandikwa ili mhasibu naye aridhike. Hakuna anayejua kuliko yeye ni vitu gani huisha kwanza usiku. Mwombe muiandike orodha hiyo pamoja, muipeleke kikaoni ikiwa na majina yenu mawili, na mpendekeze kwamba mwenye kuukagua mzigo huo kila zamu na kushika ufunguo wake awe yeye.